Kola ya Shaba

Pikipiki ilivunjika Lusangi, mbele ya watu, na aliyeivunja ni Hippolyte mwenyewe.

Alikuwa muganga msaidizi wa ugonjwa wa usingizi, mzaliwa wa Kasongo, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umekonda tangu utotoni kwa maradhi ya kupooza. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijiji vya Kabambare na sanduku la darubini, kupapasa shingo za watu akitafuta tezi zilizovimba, na kuchoma sindano. Pikipiki ilikuwa mali ya serikali, ya Kibelgiji, ya kabla ya vita. Kwenye usukani ilikuwa na kamkono kadogo ka kuwahisha au kuchelewesha cheche. Mtu akitaka kupiga kiki, kwanza alipaswa kukarudisha nyuma. Siku hiyo Hippolyte alikuwa akizungumza na wanawake waliomletea ndizi, akasahau. Alipopiga kiki, injini ikarudisha teke. Pedali iliruka ikamgonga kwenye muundi, na ndani ya injini kitu kikalia kama chungu kinachopasuka.

Baada ya hapo kiki ilikwenda chini na kurudi juu bure, bila kushika chochote.

Watu wakamsukuma mpaka kwa Musafiri, fundi wa hapo kijijini. Kijana huyo alikuwa amefanya kazi kwenye karakana ya mgodi wa dhahabu upande wa Salamabila, akarudi nyumbani na sanduku la vyombo, na sasa alitengeneza baiskeli na vyerehani. Alitandika gunia, akafungua ubavu wa injini, akatazama.

"Kamukono kalikuwa wapi?" aliuliza.

"Nyuma," alisema Hippolyte.

Musafiri aliendelea kutazama.

"Mbele," alisema Hippolyte.

"Nilijua. Haivunjiki hivi kama iko nyuma."

Gia ya kiki ilikuwa nzima, meno yake yote yapo. Kilichovunjika ni kikalio chake: ile shingo ya alumini iliyotokeza kwenye ukuta wa karteri, yaani ganda la injini, ambamo mhimili wa kiki hukaa na kuzunguka. Nusu ya shingo ilikuwa imemeguka. Mhimili ulining'inia kama jino bovu, na gia ikakaa mbali na zile nyingine.

"Unaweza kuchomelea?" aliuliza Hippolyte.

"Alumini? Hapa hapana. Kasongo vilevile hapana. Labda Albertville, na huko watakuambia ununue karteri mpya ya pikipiki ambayo haitengenezwi tena." Musafiri alipitisha kidole kwenye sehemu iliyobaki. "Lakini endesha tu. Watu watakusukuma."

"Watu wa wapi?"

Hilo ndilo lilikuwa tatizo, na Hippolyte alilieleza bila kuzunguka. Mtu mwenye miguu miwili mizima hukimbia kando ya pikipiki, akaruka juu, ikawaka. Yeye hawezi. Kijijini atasukumwa, sawa, lakini injini ikizimika porini, katikati ya Lusangi na Kabambare, atakaa hapo mpaka apite mtu. Daktari, mkubwa wake wa kazi, alikuwa amemwambia tangu mwanzo, kwa maneno machache: mtu wa kusukumwa hapewi mzunguko. Na daktari angefika Lusangi Jumatatu ya wiki iliyofuata kukagua. Akikuta kiki imekufa, mzunguko utapewa mwingine, na Hippolyte atarudishwa Kasongo kuosha vioo vya darubini katika chumba cha nyuma, kazi aliyoifanya miaka mingi kabla ya kupewa hii. Juu ya pikipiki hakuna aliyeona kwamba anachechemea. Hakutaka kurudi kwenye kile chumba.

"Basi tutaweka kola," alisema Musafiri.

Aliichora kwa mkaa kwenye ubao: pete nene ya shaba ya njano, yenye masikio matatu. Pete ingeushika mhimili mahali pa shingo iliyovunjika, na masikio yangefungwa kwa bolti kwenye sehemu nzima ya ukuta. Alikuwa na shaba: bomba bovu la maji alilopewa mgodini na maganda ya risasi ya mwindaji mmoja. Nta ya nyuki ilikuwepo kidogo. Aliweza kuchonga mfano kwa nta. Asichoweza ni kalibu, chombo cha udongo cha kumiminia shaba, na kalibu hapo Lusangi alikuwa anaijua mtu mmoja, Aziza, mjane wa mhunzi Bulaimu.

Aziza alikuwa mama mkwe wake.

Watu wa huko wanalijua jambo hili na hakuna haja ya kulipamba. Mwanamume na mama mkwe wake hawakai chini ya paa moja, hawatazamani, hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani. Si chuki. Ni heshima, na kadiri mtu anavyomheshimu mwenzake ndivyo anavyomkimbia. Musafiri alimheshimu sana Aziza. Tangu amwoe Mwamini, hakuwahi kusemezana uso kwa uso na mwanamke aliyemzaa mke wake, ingawa nyumba zao zilitenganishwa na shamba dogo la migomba tu.

Kwa hiyo maneno yalipita kwa Mwamini. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye kusema mambo kama yalivyo, na alikuwa na mtoto mgongoni.

"Mama, mukwe wako anaomba kalibu."

"Ya nini?"

"Ya pikipiki ya muganga."

"Nimwambie nini? Mwambie alete nta."

Musafiri alichonga mifano mitatu, nta yote ikaisha. Aziza akaipaka udongo laini uliochanganywa na unga wa mkaa, safu juu ya safu, akaianika kivulini. Tatu, alisema, kwa sababu kalibu moja ni ya kuvunjika. Akafungua kibanda cha marehemu mumewe, kilichokuwa kimefungwa tangu wanafunzi wa Bulaimu walipokwenda wote mgodini, akafagia popo, akapaka mafuta ngozi za mivukuto ya kupulizia moto.

Hippolyte alilala kwa Musafiri na kungoja. Asubuhi alikwenda kutazama udongo unavyokauka. Aziza alimzoea.

"Muganga, kutazama hakukaushi."

"Najua, mama."

"Basi kaa uchambue maharagwe."

Akakaa, akachambua.

Siku ya kumimina, mambo yalipangwa hivi. Kibanda kilikuwa na milango miwili. Ndani palikuwa na moto wa shaba, wenye mivukuto, na moto mdogo wa kuchoma kalibu. Aziza alichoma kalibu mpaka nta ikatoka yote na udongo ukawa mwekundu. Kisha aliitoa kwa koleo, akaifukia nusu kwenye mchanga, imeinama kidogo, mdomo juu, akatoka kwa mlango wa nyuma, akashika njia ya migomba. Mwamini, aliyesimama nje, aliita: "Ametoka." Musafiri akaingia kwa mlango wa mbele, akapiga mivukuto kuamsha shaba iliyokuwa imeanza kulala, akainua kijungu, akamimina.

Walipoivunja kalibu walikuta kipande kama mwezi wa siku tatu. Shaba ilikuwa imeingia, ikafika nusu ya njia, ikaganda.

Musafiri alikigeuza mkononi. Aliona kwamba udongo ulikuwa na maji ndani, haukukauka vizuri. Lakini huwezi kumwambia mama mkwe kwamba udongo wake haukukauka.

"Mwambie mama asante," alisema.

Mwamini alikibeba kipande mpaka kwa mama yake. Aziza alikitazama. Aliona kwamba shaba ilimiminwa ikiwa haijaiva. Lakini huwezi kumwambia mkwe kwamba hajui kuivisha shaba, mtu aliyetoka kwenye karakana ya Wazungu.

"Mwambie mukwe asante," alisema.

Hippolyte, aliyekuwa na sufuria ya maharagwe magotini, alisikia asante zote mbili. Alimuuliza Mwamini kama ile pete iko sawa.

"Iko nusu," alisema Mwamini.

Mara ya pili kila mmoja alirekebisha kosa la mwenzake kimyakimya. Aziza aliiacha kalibu motoni muda mrefu zaidi. Musafiri, kabla ya Aziza kuingia, aliipiga shaba moto mpaka ikatoa moshi mweupe uliowakohoza kuku uani. Halafu akatoka ili mama mkwe aingie, mama mkwe akatoka ili yeye aingie, na Mwamini akaita huku akikimbia kutoka mlango mmoja hadi mwingine. Kola ilitoka na sikio moja likikosekana na ubavu wenye matundu kama mkate.

Hiyo ilikuwa Ijumaa jioni. Ilibaki kalibu moja. Nta haikuwepo tena, na hata ingekuwepo, udongo mpya usingekauka kabla ya Jumatatu.

"Mwambie mama asante," alianza Musafiri.

"Simwambii," alisema Mwamini.

Musafiri alimtazama.

"Miye ndiye ninayekimbia hapa, na ninaona. Mama akitoa ile kitu iko nyekundu. Mpaka apite migomba, mpaka mie niite, mpaka wewe uingie na kupiga mivukuto, imekuwa nyeusi. Unamimina shaba kwenye chungu baridi. Udongo hauna kosa, na shaba haina kosa. Nyinyi ndio munakosea."

"Mama alisema hivyo?"

"Mama hakusema kitu. Wewe vilevile hukusema kitu. Munashukuriana tu, na muganga anarudi Kasongo kuosha vioo."

Hippolyte alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Baadaye kidogo aliuliza kama yeye hawezi kuishika kalibu.

"Chuchumaa tuone," alisema Mwamini.

Alichuchumaa. Mguu wa kushoto ulikubali, ukafikiri, ukakataa. Alishika ukuta.

"Basi wewe, Mwamini," alisema Musafiri.

"Mwanamke anayezaa hakaribii shaba inayoyeyuka. Baba alisema, na mama hatawasha moto nikiwa ndani. Unajua."

Alijua. Pia alijua kwamba peke yake hawezi: kalibu ilipaswa kushikwa na koleo, ikainamishwa na kuinuliwa taratibu ili hewa itoke upande mmoja wakati shaba inaingia upande wa pili, na kuifukia mchangani kulikuwa kuizidishia baridi. Kazi hiyo Aziza aliifanya na mumewe maisha yao yote. Bulaimu alimimina, yeye alishika.

Mwamini alikwenda kwa mama yake na kusema yote, pamoja na yale ambayo mumewe hakumtuma. Aziza alikuwa akisuka ukindu. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nilidhani anaingoja ipoe," alisema. "Nilisema labda ndivyo wanavyofanya mgodini."

"Naye alidhani udongo wako una maji."

"Udongo wangu?"

"Ndiyo."

"Na akanishukuru?"

"Mara mbili, mama."

Aziza alisuka mstari mzima. Kisha akauliza kama muganga ana mikono yenye nguvu.

"Mikono anayo."

"Basi atapiga mivukuto, ataweza akiwa amekaa. Mwambie mukwe akae upande wa mlango wa mbele. Miye nitakaa upande wa ukuta. Mukeka utakuwa katikati."

Jumamosi asubuhi waliufunga mkeka kwenye boriti ya kibanda. Ulining'inia mpaka usawa wa magoti ya mtu aliyesimama. Upande mmoja aliketi Hippolyte kwenye mivukuto, mguu mbovu umenyooshwa, na Musafiri na kijungu chake. Upande wa pili aliingia Aziza kwa mlango wa nyuma, kitambaa kimefunika kichwa na nusu ya uso, ingawa hakuna aliyemwona. Mwamini alisimama nje kwenye kizingiti, na mtoto, kupokea na kutoa maneno.

"Mwambie muganga asipige kama anafukuza inzi," ilisema sauti ya Aziza nyuma ya mkeka. "Apige kwa pumzi moja moja."

"Muganga, pumzi moja moja," alisema Mwamini.

"Nimesikia, mama," alisema Hippolyte, aliyekuwa na haki ya kusikia.

Musafiri naye alikuwa amesikia, lakini alitazama moto kama mtu asiyesikia.

Walipiga. Jasho lilimtoka Hippolyte mpaka kwenye vidole. Shaba iliyeyuka, ikang'aa, ikaanza kucheza kwenye kijungu kama jicho. Nyuma ya mkeka mkaa ulilia. Musafiri alikoroga kwa kijiti kibichi, akaondoa uchafu wa juu.

"Mwambie mama shaba iko tayari," alisema.

"Mama, iko tayari."

"Bado kalibu."

"Bado," Mwamini alimwambia mumewe.

Wakangoja. Hippolyte aliendelea kupiga, taratibu. Kisha mikono miwili ikatokea chini ya mkeka, mikono ya mwanamke mzee, yenye mishipa, imeshika koleo, na kwenye koleo kalibu yenye rangi ya pilipili iliyoiva. Mdomo wa kalibu ulielekea juu, umeinama kidogo, mahali palepale ambapo mtu anayemimina angeutaka uwe.

Musafiri aliinua kijungu. Akakileta juu ya mdomo wa kalibu, na hapo akasimama. Hakuwahi kuiona mikono ya mama mkwe wake karibu hivyo. Alikuwa anangoja kuambiwa, na wa kumwambia alikuwa Mwamini, na Mwamini, pale aliposimama nje, aliona mgongo wa mumewe tu. Wekundu wa kalibu ulianza kushuka kutoka kwenye kingo.

"Mimina," alisema Aziza.

Hakulisema kwa Mwamini. Hakukuwa na nafasi ya kulituma.

Musafiri akamimina. Shaba iliingia mfululizo, bila kukatika, na ile mikono ikaiinua kalibu taratibu jinsi inavyojaa, mpaka tone moja likatokeza kwenye tundu la hewa upande wa pili na kukaa hapo, zima, la duara. Mikono ikangoja. Kisha ikarudi nyuma ya mkeka pamoja na kalibu, na mlango wa nyuma ukasikika.

Hippolyte aliachia mivukuto.

Mwamini alizunguka kibanda akamkuta mama yake kwenye migomba, anaiweka kalibu juu ya majivu.

"Mama, umesema naye."

"Na nani?"

"Na mukwe."

"Nilikuwa ninaambia shaba," alisema Aziza.

Kola ilitoka nzima, masikio yake matatu, mbaya kwa macho, yenye magamba, lakini bila tundu. Musafiri aliifanyia kazi Jumamosi yote na Jumapili. Aliipitisha tupa ubavuni mpaka ikakaa kwenye ukuta wa karteri bila kucheza. Tundu la katikati alilikwangua kidogo kidogo, akiupaka mhimili masizi, akiuingiza, akiutoa, akikwangua pale masizi yalipobaki, mpaka ukazunguka kwa kidole kimoja na haukutikisika. Alitoboa ukuta kwa drili ya mkono, mahali patatu, akiomba kimya kimya alumini isipasuke. Haikupasuka. Bolti zilitoka kwenye lori bovu la pamba. Chini ya kila nati aliweka pete ya chuma, na katikati ya shaba na alumini karatasi nene iliyolowekwa mafuta.

Gia ilikaa mahali pake. Alipoizungusha kwa mkono, meno yalikamatana bila kelele.

"Itavuja mafuta," alimwambia Hippolyte.

"Sana?"

"Kidogo. Utaijaza. Na kamukono?"

"Nyuma."

"Kila mara."

"Kila mara."

Jumatatu daktari alifika na gari lake, akakaa kwenye baraza ya nyumba ya wageni ya serikali, akaletewa kahawa. Aliangalia karatasi za wagonjwa, akaangalia sindano, akaangalia kama maji yanachemshwa. Kisha akasema aonyeshwe pikipiki. Watu wa Lusangi walikuwa wamejaa uwanjani, kwa sababu walikuwa wameitwa kupapaswa shingo. Musafiri alikuwa nyuma yao. Aziza hakuwepo, kwa kuwa Musafiri alikuwepo.

Hippolyte alipiga kiki mara ya kwanza: hakuna. Mara ya pili injini ilikohoa. Daktari alinywa kahawa. Mara ya tatu ikawaka, ikatoa moshi wa buluu, ikatulia kwenye mlio wake wa zamani usio sawa. Tone la mafuta likaanguka mchangani. Daktari aliliona, akasema tu kwamba mzunguko ujao uanze upande wa Salamabila, kwa sababu kule watu wa mgodi wanahamahama na hawajapimwa, akageukia mgonjwa wa kwanza. Hakuuliza nani alitengeneza. Hippolyte alijaribu kusema, lakini daktari alikuwa ameshika shingo ya mtoto na anahesabu tezi.

Mchana Hippolyte alifunga sanduku la darubini nyuma ya kiti. Alimuaga Musafiri, akapita njia ya migomba kumuaga Aziza. Aziza alimpa maharagwe yale aliyoyachambua mwenyewe, yamefungwa kwenye jani.

"Uende salama, muganga."

"Nashukuru, mama. Kwa yote."

"Usinishukuru mie. Hapa tumeshukuriana vya kutosha."

Akaondoka. Alipita mashamba ya pamba, akapita kijiji cha mwisho, akaingia msituni, mahali ambapo barabara inashuka mtoni na kupanda tena, na ambapo mtu anaweza kukaa mpaka jua lizame bila kuona mwingine. Katikati ya mpando alisimamisha pikipiki. Akazima injini. Kulikuwa kimya, maji tu yakisikika chini. Alikaa kidogo juu ya kiti, mguu mzima ukiwa chini, mguu mwingine ukining'inia.

Kisha akapiga kiki. Ikawaka mara ya kwanza. Akaizima tena, akapiga tena, ili awe na hakika. Halafu akatia gia akaenda zake.